Muziki wa Kumshusha Mzee Silvesta

Ijumaa ile simu ya Mzee Silvesta ilipokelewa upesi mno, na hapo ndipo Philip alipojua. Mzee hakuwa mtu wa kupokea simu upesi. Angeiacha ilie mpaka karibu ikatike, akohoe kidogo kama anayebisha hodi, kisha apaaze sauti: "Doha! Niambie, Doha!" kana kwamba mwanawe mkubwa ni kituo cha redio. Siku hiyo mlio wa kwanza haukuisha.

"Kaka," ilisema sauti ya Millicent, dada yake. "Kaka, keti kwanza."

"Nimeketi," Philip alidanganya. Alikuwa amesimama jikoni Al Wukair, nje kidogo ya Doha, katika nyumba kubwa iliyogawanywa kwa mbao vyumba vingi, huku mafuta ya mkewe, Nyaboke, yakichemka kwenye kikaango na jirani mmoja akingoja zamu yake ya jiko, sufuria mkononi.

"Tata ametuacha. Alikunywa uji, akasema anapumzika kidogo kwenye kiti. Nilidhani amelala."

Philip aliangalia kikaango. Aliona vitunguu vinaanza kuwa vyeusi na hakuweza kusema kwamba vinaungua. Mkewe ndiye aliyegeuka, akamwona uso, akazima gesi bila kuuliza. Jirani mwenye sufuria alirudi chumbani kwake kimyakimya. Watu wa nyumba zile wamezoea. Habari mbaya za huko kwetu huingia kwa simu, na mara nyingi hukuta mtu anapika.

"Mwambie baba mdogo Paul wasinizikie baba," Philip alisema mwishowe. "Nakuja."

*

Hakuna aliyemkatalia kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mudir, meneja wa kampuni ya mabasi, alimkaribisha kwenye kiti, akamwagizia chai, akampa pole kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Kisha akafungua kompyuta yake.

"Philip, wewe ulienda Kenya mwezi wa nne."

"Ndiyo, bwana. Baba alikuwa mgonjwa mahututi."

"Uliandika likizo ya dharura. Baba anakufa."

"Alikuwa anakufa kweli. Akapona."

Mudir alimwangalia kwa muda, si kwa ubaya, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu isiyokubali. "Sasa amekufa tena?"

Kulikuwa na karani pembeni, na karani yule alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Philip alitazama kikombe chake. Alikuwa amejipanga kueleza kwamba yeye ndiye kifungua mimba, kwamba kwa Wagusii udongo wa kwanza kaburini ni wa mkono wake, kwamba hata mtoto mpotevu hungojwa kwa ajili ya udongo huo. Alipotaka kuyasema kwa Kiingereza cha ofisi, yakawa kama mambo ya mtu anayetafuta kisingizio.

"Ni mara moja tu, bwana. Sasa amekufa mara moja."

"Mimi naamini," mudir alisema. "Lakini likizo ya dharura ni moja kwa mwaka. Kiangazi hiki madereva wengi wako nje. Ukienda bila ruhusa, kiti chako nampa mwingine. Khalas, basi. Si mimi, ni utaratibu."

Philip alimshukuru. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi alipogundua kwamba alikuwa ameshukuru, na akasimama pale akishika ukuta.

*

Jioni hiyo Kendi alikuja na chapati. Kendi alikuwa muuguzi kama Nyaboke, wakifanya kazi kliniki moja Al Sadd, na chumba chake kilikuwa mkabala na chao. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, maana kiti kilikuwa kimoja, nacho kilikaliwa na mfiwa.

"Shemeji, pole. Mzee alikuwa wa kazi gani?"

"Majani chai. Ng'ombe wawili. Na televisheni."

"Televisheni ni kazi?"

"Kwake ilikuwa kazi." Ilikuwa mara ya kwanza Philip kutabasamu tangu Ijumaa. "Alinunua televisheni kwa bonasi ya majani chai, ya kwanza kwenye kilima chetu chote. Hakukuwa na stima. Tulitumia betri ya gari, naibeba kichwani mpaka sokoni Nyamache kuichajisha. Na betri ile haikuruhusiwa kuwashwa wiki nzima. Habari, hapana. Mpira, hapana. Ilingoja kipindi kimoja tu, cha Jumapili jioni."

"Kile cha muziki wa wazungu!" Kendi aliruka, ndoo ikalia. "Wale wa kofia na banjo! Aki shemeji, hata baba yangu! Huko Meru alikuwa anavaa koti. Anavaa koti ndani ya nyumba, anaangalia televisheni!"

"Wa kwetu alikuwa anavua kofia. Anasema huwezi kuwaangalia watu wamevaa tai na wewe umevaa kofia ya shamba."

Wakacheka wote watatu, Nyaboke akifunika mdomo kwa leso. Wakawakumbuka wanamuziki wale wa zamani mmoja mmoja, bila majina, maana majina hawakuwahi kuyashika: yule mrefu aliyekumbatia mandolini kifuani kama mtoto anayelia; yule wa banjo ambaye vidole vilikimbia na uso ukabaki umenuna kama wa karani wa kortini; yule wa fidla aliyefumba macho. Philip alikuja kujua akiwa Doha, kwa kupekua simu, kwamba muziki ule unaitwa bluegrass. Mzee aliuita muziki wa nyuzi, basi.

"Walikuwa na mikrofoni moja," Philip alisema. "Watu watano, mikrofoni moja. Mmoja anasogea anapiga sehemu yake, anarudi nyuma, mwingine anaingia. Tata alikuwa anatuambia, 'Angalieni watu wenye adabu. Hakuna anayesukuma.' Na sisi watoto tulikuwa tunasukumana hapo chini, mpaka siku moja Millicent akakanyaga waya, betri ikazima."

"Alimchapa?"

"Hakumchapa. Aliketi tu mbele ya kioo cheusi mpaka saa ya kipindi ikaisha. Ingekuwa afadhali angemchapa."

Nyaboke alipasua chapati, akamwekea mumewe kipande mkononi. "Mwambie kuhusu obokano, Baba Chelsea."

Basi Philip akaeleza. Kabla ya kubatizwa, baba yake alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinanda kikubwa cha Wagusii kinachonguruma kama fahali, na aliitwa kwenye harusi mbali na mbali. Kanisa likamwambia aache mambo ya dunia. Akaacha, akakitundika darini. Lakini televisheni ilipoleta banjo akasema mchungaji alikataza obokano, hakukataza televisheni. "Alikuwa anasema wale wazungu ni Wagusii waliopotea njia. Ati sikia nyuzi zile, huyo babu yake ni wa kwetu."

Kicheko kikafifia. Philip alitafuna chapati polepole.

"Nataka ashushwe na ule muziki," alisema. "Mimi sitakuwepo. Udongo sitautupa. Nitaangalia kwa simu kama mtu wa nje. Angalau nimwone akishuka, na ashuke na kitu alichokipenda."

*

Baba mdogo Paul, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi na pia mzee wa kanisa, alisikiliza ombi hilo kwenye simu mpaka mwisho. Alikuwa na desturi ya kunyamaza muda mrefu kabla ya kukataa.

"Philip. Kwanza, uliomba Ijumaa ili usiwe kazini. Ijumaa ni siku ya maandalio ya Sabato. Tutazika Alhamisi."

"Sawa, tata." Wagusii humwita ndugu wa baba vilevile wanavyomwita baba.

"Pili, unataka tupige dansi kaburini."

"Si dansi, tata. Hata nyingine ni nyimbo za Mungu. Na ile ninayoitaka haina hata maneno, ni nyuzi tupu."

"Watu watacheza."

"Nani atacheza? Kwani wewe utacheza?"

Upande wa pili palisikika mtu anajizuia kucheka. Alikuwa Millicent. Mzee Paul alimwambia mtu aondoke mlangoni.

"Ndugu yangu alipambana na nyuzi maisha yake yote," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Nilikuwapo siku alipokitundika kile kinanda. Alilia. Sasa wewe unataka kumrudisha huko siku ya mwisho?"

"Tata, hukumwona Jumapili zile? Hukuwa unakuja na kiti chako mwenyewe?"

Upande wa pili kiti kilisikika kikivutwa.

"Nilikuwa nakuja kumsalimia," Mzee Paul alisema.

"Sitakuwepo," Philip alisema, na sauti yake ikaanza kumsaliti. "Maurice, mwanao, atasimama mahali pangu. Yeye ndiye atakayeshika udongo wangu. Mmenipa tarehe nimekubali, mmenipa mchungaji nimekubali. Nipeni hiyo moja tu."

Baada ya muda mrefu Mzee Paul akasema, "Wakati wa kushusha tu. Mchungaji akisema amina, inazimwa."

Philip alishukuru mpaka Nyaboke akamshika bega. Kisha simu ikapewa Millicent, na dada alikuwa na furaha yake ndogo ya kumpa. "Kaka, kanda ipo! Ile aliyorekodi tata mwenyewe, anashika redio ya kaseti mbele ya televisheni. Nimeipata kwenye debe la mbegu, na redio bado inafanya kazi. Nimeisikiliza jana. Unajua marehemu mama yumo? Katikati ya banjo anaita kuku, 'kuru kuru kuru.' Na wewe unasema njaa!"

Philip alifumba macho. Aliikumbuka. Ilikuwa na mkwaruzo, jogoo, mlango, kikohozi cha babu, na muziki kwa mbali kama unatoka ndani ya kisima. Akawaona waombolezaji wamesimama kwenye shamba la chai, walimu, wageni wa Nairobi, mchungaji, na jogoo anawika kwenye spika juu ya jeneza. Akamwona Mzee Paul anatikisa kichwa.

"Hapana, Millie. Watatucheka. Nitakutumia wimbo wenyewe, safi. Mpe yule jamaa wa kamera auweke kwenye spika zake kubwa."

"Lakini hii ni yake."

"Ni kelele, Millie. Tata anastahili kitu safi."

Millicent hakubishana na kifungua mimba. Usiku huohuo wimbo ulitumwa, safi, kila uzi unasikika kama umekaa chumbani.

*

Saa za Doha na za Kisii ni zilezile, kwa hiyo hakukuwa na hesabu ya kufanya. Alhamisi saa nane mchana mwili ulikuwa uwanjani kwa Mzee Silvesta, naye Philip alikuwa kwenye basi jeupe la kampuni, limeegeshwa kando ya jengo linalojengwa, injini ikinguruma ili ubaridi usikatike. Kiangazi, kazi za nje husimama mchana. Mafundi aliowatoa alfajiri kwenye mabweni yao ya Industrial Area walikuwa wamelala chini ya paa la jengo, kofia zimefunika nyuso. Marvin, dereva mwenzake kutoka Masaka, Uganda, alikuwa ameacha basi lake akaja kuketi naye.

"Mtu hazikwi peke yake, na mtu haziki peke yake," alisema, akiweka chupa ya maji baridi juu ya dashibodi. "Simu ina chaji?"

"Imejaa."

Picha ilikuwa nzuri kuliko alivyotumaini. Jamaa wa kamera, Bradley, alijua kazi yake. Philip aliwaona watu wa kwao wakiwa wadogo kama punje: Millicent na kitambaa cheusi, Maurice na suti inayombana, Mzee Paul mbele akisahihisha watu mahali pa kusimama. Nyuma yao mistari ya chai, kijani kibichi. Macho ya Philip, yaliyozoea mchanga, yaliuma.

"Huko kwenu kunanyesha?" Marvin aliuliza.

"Kumetoka kunyesha. Ona viatu."

"Banange, ardhi nzuri hiyo. Mtu akizikwa hapo anaota kama mbegu."

Nyaboke aliandika kutoka kliniki: *Naangalia pia. Nimejifungia stoo.* Philip hakujibu. Jeneza lilikuwa limeinuliwa. Mchungaji alisoma, vijana wakashika kamba, na Mzee Paul mwenyewe, kwa umri wake, akashika mwisho wa kamba moja. Kisha akageuka upande wa spika, akainua mkono kidogo.

Banjo ikaanza.

Ilitoka kwenye simu ndogo ile, kali, ya haraka, kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Philip aliona kichwa cha Millicent kikiinuka. Aliona mzee mmoja asiyemkumbuka akivua kofia. Marvin akasema, "Ee, huyu mzee alikuwa na mambo!" Fidla ikaingia, jeneza likayumba, kamba zikaanza kupita mikononi mwa watu.

Skrini ikawa nyeusi.

Philip alidhani ni mtandao. Aliigusa. Maandishi madogo yalitokea, yakisema kwamba matangazo yamesimamishwa kwa sababu yana muziki wenye haki za mtu mwingine.

"Nini?" Marvin aliuliza.

"Imezima."

"Toka, ingia tena."

Alitoka, akaingia. Maandishi yaleyale. Alimpigia Millicent, haikupokelewa. Nani angepokea simu kaburini? Alimpigia Maurice. Alimpigia Bradley, na Bradley akapokea akihema.

"Boss, nimeona! Ni ule wimbo! Mtandao umeutambua, umenifungia! Nafungua linki nyingine, nipe dakika."

"Wanashusha?"

"Wanashusha, boss."

"Shika simu yako, niangalie kwa simu yako!"

"Data yangu yote imeingia kwa kamera, boss. Subiri. Subiri tu."

Philip alisubiri. Aliishika simu kwa mikono miwili. Nje fundi mmoja aliamka, akajinyoosha, akanywa maji, akalala tena. Kupitia simu ya Bradley, iliyosahauliwa wazi, banjo ilisikika ikimaliza, mtu akasema amina, kisha majembe.

Linki mpya ilipofunguka, watu walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, na mchungaji alikuwa akiwashukuru wapishi. Udongo ulikuwa umeshapandishwa kichuguu, maua juu yake.

"Boss," Bradley alisema kwa sauti ya chini. "Samahani sana. Ule wa kanda aliyonionyesha dada yako haungeshikwa. Ule ungeonekana ni kelele tu."

Philip alikata simu. Marvin akamsukumia ile chupa ya maji, tayari imepata joto.

"Kunywa, ndugu yangu," alisema. "Kunywa. Saa tisa na nusu wanaanza kazi."

*

Mzee Paul alipiga jioni, Philip akiwa ameshafika Al Wukair. Nyaboke alikuwa ameketi kitandani bado na sare ya kliniki. Philip aliweka simu kwenye spika ili mkewe asikie.

"Mwanangu." Ilikuwa sauti isiyo ya mwenyekiti. "Nimekaa peke yangu nje hapa. Nataka nikwambie kitu. Mimi ule muziki nilikuwa nimeukataa moyoni, Mungu anajua. Lakini ulipoanza, na mimi nimeshika kamba, nilimwona Silvesta. Nilimwona na kofia magotini. Mikono yangu ikapata nguvu, sijui ya wapi. Hakuna aliyecheza. Hata mchungaji aliniambia, 'Mzee, huo ni wimbo wa mtu anayefika nyumbani.' Umeona?"

Nyaboke alimwangalia mumewe.

"Nimeona, tata."

"Umeona alivyoshuka sawa? Hakugonga popote."

"Hakugonga."

"Na Maurice, nilimwambia atupe udongo wako taratibu, si kama anayefukuza kuku. Umemwona?"

"Nimemwona. Alitupa vizuri."

"Basi," Mzee Paul alisema, na akavuta pumzi ndefu iliyosikika mpaka Doha. "Basi ulikuwepo. Nilikuwa na hofu utakaa na kidonda. Sasa hakuna kidonda."

"Hakuna, tata. Asante."

Simu ilipokatika, Nyaboke alivua viatu vyake vya kazi, akavipanga chini ya kitanda. "Siku moja utamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba picha ilizima, na mimi mwenyewe ndiye niliyeizima?"

"Si wewe uliyeizima, Baba Chelsea."

"Nilimkatalia Millie kanda. Mama alikuwemo ndani. Niliona aibu ya jogoo."

Hakulia mpaka aliposema hivyo, na alipolia alijaribu kulia bila sauti, kwa sababu ukuta ni wa mbao na upande wa pili kulikuwa na watu wamelala wakingoja zamu ya usiku. Nyaboke alikuja akaketi karibu naye, akawasha feni iwe kubwa, ili kelele yake iwafunike.

Kule Nyamache wanajua kwamba Philip aliona yote, na Mzee Paul huwasimulia wageni hivyo. Kaburi litajengewa saruji Desemba, watu wa Nairobi watakapokuwa nyumbani. Philip ametuma mchango wake wa saruji. Likizo yake ni Aprili, miezi minne baadaye.